Hiki au Kile: Miaka Yangu ya Ukalimani Bomani Kilwa

Vijana wenzangu wa kalamu, mlioniaga juzi kwa chai na maandazi, mliniomba niandike machache kabla sijasahau. Kwa maandazi nawashukuru. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, maana vyeo vyangu vyote ukivipanga havijazi kiganja, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi yenyewe: kusimama katikati ya watu wawili wasioelewana, ukawa mdomo wa huyu na mdomo wa yule, na wewe mwenyewe usiwe na mdomo. Zaidi ya yote nataka muijue habari ya Somoe, mfinyanzi wa Kikole, aliyewekewa mbele yake njia mbili, na zote mbili zilikuwa zinamtoa katika maisha yake.

Kazi niliianzia Lindi. Siku ya kwanza nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikakaribia kusimama yenyewe, soksi hadi magotini, na moyo ulionidunda kwa furaha na hofu. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba mkalimani hasemi "huyu bwana anasema ameiba." Anasema "mimi nimeiba," kwa sauti ya kusikika, kwa sababu yeye ni ulimi wa mwenzake tu. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuku. Mshtakiwa alikuwa Mmakonde mwenzangu asiyejua Kiswahili sawasawa, akaungama kwa Kimakonde kwa mkato, nami nikageuka kumkabili liwali, nikasema kwa Kiswahili fasaha: "Ni kweli bwana, kuku nimemwiba mimi, na nimekwisha mla."

Jirani yetu mmoja alikuwa amekaa barazani. Hakungoja kesi iishe. Kabla ya adhuhuri mama yangu alifika bomani mbio, kanga begani, akaniita mbele ya watu: "Mwanangu, kuku wa nani? Mbona nyumbani unakula ukashiba?" Liwali alicheka hadi akavua kofia. Mama alieleweshwa, akakubali kwa shingo upande, lakini kwa muda mrefu alipopika kuku alikuwa akinitazama.

Baadaye nikapelekwa Kilwa, na huko ndiko nilikomkuta mwalimu wangu wa kweli, Bwana Yusufu, karani mkuu wa boma. Alikuwa mtu mwembamba, mwenyeji wa Kivinje, mtaratibu katika kila kitu isipokuwa chai, ambayo aliinywa ya moto kupita kiasi kisha akailaumu. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa kalamu ya kuchovya na kamusi ambayo mchwa walikuwa wamekwisha isoma kuanzia nyuma. Aliniambia siku ya kwanza: "Daudi, maneno magumu ya Kiingereza yasikutishe. Hayo utayatafuta kwenye kamusi. Ogopa maneno mepesi yanayofanana, hasa ya kuchagua. Mzungu ana maneno mengi ya kuchagua kuliko vitu anavyokupa uchague."

Alinifundisha kwa muhogo wa kuchoma. Tulikuwa tunaketi ngazini mchana, yeye anaweka mihogo na ndizi juu ya jani. "Akisema 'choice,'" alisema, "jani zima ni lako, chukua upendacho. Akisema 'option,' unaweza kuchukua, unaweza kuacha, hakuna atakayekuuliza. Akisema 'alternative,' angalia sana. Hapo ameshika muhogo mkono huu na ndizi mkono huu, na ukikataa muhogo basi ni ndizi, hakuna cha tatu. Akisema 'prefer,' anauliza moyo wako unaelekea wapi. Kukupa hajaahidi." Halafu alichukua muhogo mkubwa, akaula, akaniachia ndizi. Nikamuuliza hilo linaitwaje kwa Kiingereza. Akasema, "Hilo linaitwa karani mkuu."

Msidhani alikuwa anafanya mzaha mtupu. Karani aliyenitangulia aliletewa amri ya kuwatangazia matarishi kwamba watakuja kazini "alternate Saturdays," yaani Jumamosi moja kazi na inayofuata mapumziko. Yeye akaona neno limefanana na lile la 'alternative,' akawatangazia kwamba Serikali imewapa Jumamosi wachague. Wakachagua. Jumamosi ile bomani alifika mbuzi mmoja tu wa jirani.

Upande wa Kiswahili nao una mitego yake. Tunayo bora, tunayo afadhali, na Waingereza wengi huyaweka kapu moja. Mimi niliyatenga hivi: bora ni ya mtu mwenye vizuri viwili, afadhali ni ya mtu aliyebanwa, vyote vibaya na kimoja kina nafuu kidogo. Shahidi akisema "afadhali nilipe faini," usimwambie hakimu kwamba mtu huyu anapenda kulipa faini.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote haumo katika maneno. Umo katika adabu. Mtu wa kwetu hapa, awe wa Kivinje au wa vilimani huko ndani, ukimuuliza mbele ya wakubwa anataka nini, hasemi. Mke wa DC mmoja aliwahi kumkaribisha liwali nyumbani, akamuuliza chai au kahawa. Liwali akajibu kama muungwana yeyote, "Chochote." Akaulizwa tena, "Chochote, mama." Mara ya tatu, "Utakachopenda wewe." Bibi wa watu akakata tamaa, akamletea maji. Liwali akayanywa, akashukuru, akarudi nyumbani kunywa kahawa yake. Hapo tulicheka. Siku adabu hiyo hiyo ilipoingia barazani pamoja na Somoe, hakuna aliyecheka.

Somoe alikuwa mfinyanzi wa Kikole. Udongo wake aliuchimba kwenye ukingo wa mto pale kijijini, mweusi, laini, usiopasuka motoni, na vyungu vyake vilibebwa hadi Nangurukuru kuuzwa njiani. Mke wangu alikuwa na kimoja na alikuwa hakubali mtu mwingine akioshe. Mumewe Somoe alifariki, Mungu amrehemu, akamwachia watoto wadogo na nyumba. Eda ilipokwisha, wakatokea wanaume wawili. Wa kwanza ni Bakari, mdogo wa marehemu, aliyetaka kumrithi mjane kama desturi ilivyokuwa, awe mke wake wa tatu ahamie kwake. Wa pili ni Mzee Mnali, mjomba wake Somoe, aliyesafiri kutoka Mtama kuja kumrudisha kwao. Na katika watu wetu wa huku mjomba si mtu wa kando. Mtoto wa dada yake ni wake. Jumbe alishindwa kuwapatanisha, shauri likaja bomani kwa ofisa kijana wa Kiingereza aliyekuwa akisikiliza kesi, ambaye watu walimwita Bwana Shauri.

Bwana Shauri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda haki, na alikuwa anaipenda ipatikane kabla ya chakula cha mchana. Aliwasikiliza wanaume wote wawili, kisha akamgeukia Somoe, aliyekuwa ameketi chini sakafuni, kanga nyeusi kichwani, na chungu chake cha maji ya safari kando yake. Akasema kwa Kiingereza kwamba "alternatives" ziko mbili, na mama huyu aseme anapendelea ipi.

Nikamwambia Somoe: "Mama, njia ziko mbili. Kurithiwa na shemeji yako Bakari, au kurudi Mtama na mjomba wako. Moyo wako unaelekea wapi?"

Somoe hakuinua macho. "Wakubwa wakisema, mimi nimesikia."

Nikatafsiri neno kwa neno. Bwana Shauri akasema, "Basi hana anachopendelea," akachovya kalamu.

Mimi nilimtazama yule mama mikono. Alikuwa ameshika ukingo wa chungu hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nyinyi vijana mnajua: angesema simtaki Bakari, angekuwa amemvua nguo baba mdogo wa watoto wake mbele ya hadhara. Angesema sitaki Mtama, angekuwa amemtukana mjomba aliyemlea. Mwanamke aliyefundwa hawezi kutoa neno hilo hata ukimweka juu ya makaa. Nikasema, "Bwana, hakusema hana. Amesema amesikia."

"Tofauti yake nini?" akaniuliza.

Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa la kisheria.

Bwana Shauri akajaribu mwenyewe. Alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni, akamwinamia Somoe kwa upole kabisa, akasema, "Mama, shauri yako." Maskini, alitaka kumwambia uamuzi ni wake. Sisi tuliozaliwa hapa tulisikia mtu anayeambiwa usije ukalia baadaye. Somoe akazidi kujikunja ndani ya kanga yake.

"Njia mbili zilimshinda fisi, bwana," akasema Mzee Mnali. "Tumalize. Mtoto ni wangu, aondoke nami leo."

"Aondoke aende wapi?" Bakari akamaka. "Watoto wa kaka yangu wakale kwa nani?"

Hapo ndipo kiliposikika kicheko kutoka ukumbi wa nje walikokaa watazamaji. Si kicheko cha kuficha kinywa. Kilikuwa cha mtu aliyekaa muda mrefu akikizuia. Akaingia mwanamke wa makamo, mfupi, mnene, tarishi akimshika mkono naye akimburuta tarishi. Alikuwa Bi Pili, Mngindo, jirani wa Somoe kule Kikole, na ukoo wake na ukoo wa Somoe ni watani tangu babu na babu.

"Niacheni niwaone hawa mabwana harusi!" akasema. "Wewe Mnali, nyumba yako Mtama inavuja mpaka panya wamehama. Huyu utamlaza wapi, mkononi? Na wewe Bakari, wake wawili wamekushinda, kila siku unakuja kuomba mboga kwangu. Huyu wa tatu wa nini, wa kukuzika?"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Mzee Mnali alifunika uso. Bakari akasema, "Pili, utakufa vibaya wewe," lakini alisema huku mdomo unamcheza.

Bwana Shauri akawa mwekundu. "Mwanamke huyu ni nani? Mtoeni!"

Nilimtafuta Bwana Yusufu kwa macho. Alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, ameinua uso anatazama dari kana kwamba wamemwandikia kitu huko. Nikaelewa kwamba hataniambia niseme, wala hataniambia ninyamaze. Mkalimani asiye na mdomo akifungua mdomo, wakati ule, kazi ilikuwa inaweza kumponyoka. Lakini nilipomwona Somoe pale chini nilijua kwamba nikinyamaza, kalamu ile ikishagusa karatasi, yule mama atatoka hapa mali ya mmoja kati ya wanaume wawili. Nikasema, "Bwana, naomba ruhusa niseme neno langu mwenyewe."

Akanitazama kwa mshangao. "Haya, sema."

Nikamweleza kwamba huyu ni mtani. Kwamba kwa watu hawa kila ukoo una watani wake, na mtani huingia hata msibani akamtania maiti, akachukua chungu cha wafiwa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye aibu. Neno ambalo adabu imelifungia, mtani ndiye mwenye ufunguo wake. "Anayosema yeye si ushahidi, bwana," nikasema. "Lakini atakalojibiwa, huenda likawa."

Bwana Shauri alitazama saa, akamtazama Somoe, akaiweka kalamu chini. "Mwacheni," akasema. Namkumbuka kwa wema kwa neno hilo.

Bi Pili hakuwa amengoja ruhusa. Alikwenda moja kwa moja kwa Somoe, akachukua kile chungu, akakiinua juu kwa mikono miwili, maji yakimmwagikia kichwani mwenyewe na sakafuni kwa Serikali.

"Basi hiki ndicho cha mwisho," akasema. "Kwa Bakari utasonga ugali wa wake wenza. Kwa mjomba utafinyanga mchanga wa Mtama, upasuke motoni uwachekeshe watoto. Chungu kizuri cha nini tena? Mimi mtani wako nakivunja hapa hapa, tulie mara moja tumalize."

Akakirudisha nyuma ya kichwa, na mikono yake ilikuwa haitanii.

"Kiweke chini!" Somoe alikuwa amekwisha simama, kanga imeanguka mabegani. "Kiweke chini, Pili! Changu hicho! Sitaki mume mimi! Wala Mtama siendi! Nitakaa nyumbani kwangu, nitachimba udongo wangu pale pale, na wanangu watakula kwa mikono hii!"

Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, akatazama huku na huku kama aliyeamka usingizini.

Nikakumbuka kazi yangu. Nikageuka, nikasimama wima, na kwa Kiingereza, kama kanuni inavyotaka, mimi mwanamume mzima mwenye masharubu na mke na watoto, nikatangaza: "Sitaki mume mimi." Bwana Yusufu alikohoa ghafla, akatoka nje.

Bwana Shauri hakucheka. Alisema polepole kwamba hilo halikuwa miongoni mwa mambo mawili aliyoyaweka. Nikamwambia, "Hapana, bwana, halikuwamo." Akawauliza wanaume kama kuna desturi inayolizuia.

Mzee Mnali alikuwa anapangusa machozi ya kicheko, na nadhani si ya kicheko tu. "Mimi ni mjomba wake akiwa Mtama na akiwa Kikole," akasema. "Pili ndiye aliyenitukana, na yeye siwezi kumkasirikia. Huyu mtoto hajanikosea. Ila aniletee chungu cha maji, changu kimeoza."

Tukamgeukia Bakari. Yeye ndiye aliyenitia wasiwasi. Alikuwa ameinama, anachora sakafu kwa kidole cha mguu. Akasema, "Nyumba ni ya kaka yangu. Mwanamke hawezi kukaa peke yake katika nyumba ya watu."

"Nyumba hiyo," akasema Bi Pili, maji bado yakimchuruzika shingoni, "aliikandika nani?"

Bakari akaendelea kuchora sakafu.

"Nakuuliza wewe mla mboga yangu. Ule udongo wa ukutani, nani aliuchimba, nani aliukanda, nani aliupaka, kaka yako akiwa amekaa kivulini anasifu?"

Bakari alijaribu kukaza uso. Hakuweza. "Aliikandika yeye," akasema, na akacheka kicheko cha mtu aliyeshindwa na anayejua kwamba hataaibishwa kwa kushindwa. "Ukuta ni wake. Paa nitamwezekea mimi, kwa ajili ya wale watoto. Na mboga, Pili, usininyime."

Bwana Shauri akaandika. Alipofika mahali fulani alisita, akaniuliza taratibu neno gani linafaa, maana "alternative" aliyoitoa yeye haikuwa hii. Nikamwambia mimi ningeandika "choice." Akaliandika, akapiga muhuri, akaenda kula chakula chake kikiwa bado cha moto.

Watu walitawanyika. Bi Pili alikuwa anamdai Mzee Mnali tumbaku kwa kazi ya kumtukana, naye anampa. Bwana Yusufu alinikuta kwenye ukumbi, akanikabidhi nusu ya muhogo wake bila kusema neno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya siku ile. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilitaka kumkumbatia hata tarishi.

Somoe alikuwa anajifunga kanga vizuri ili ajitwike. Nikamsogelea. Jambo moja lilikuwa linanikereketa, nikamuuliza, "Mama, samahani. Kama moyo wako uliujua tangu mwanzo, kwa nini tulipokuuliza hukusema?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza usoni, si kwa hasira, kwa mshangao tu wa mtu anayeelezwa jambo lililo wazi.

"Hamkuniuliza, baba," akasema. "Mliniuliza nani anichukue."

Akajitwika chungu chake, akaishika njia ya Kikole.